Usimwache Dada Kwenye Upepo Peke Yake

Mazungumzo na vijana, Murera. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.

Nimepewa nusu saa, na ninajua wengine wenu mmefuata chai na mahamri, kwa hivyo sitazunguka sana.

Leo naongea kuhusu mwanamke na baiskeli. Na siongelei ile baiskeli ya kukimbia dukani kununua maziwa. Naongelea mashindano: unavaa namba mgongoni, unasimama kwenye mstari na watu usiowajua, mtu anapiga filimbi, mnaondoka.

Kuna dada mmoja wa hapa kwetu aliniuliza maswali mawili. Anaendesha karibu kila siku, ana mapafu mazuri, na mlima haumtishi. Akaniuliza: "Dada, inafaa mimi kuingia mashindano?" Na la pili: "Nikiingia, naanzia wapi?" Nilimwambia nitamjibu mbele ya watu, kwa sababu jibu lake si lake peke yake. Linawahusu pia kaka zake, baba yake, na kila kijana mwenye baiskeli hapa Murera.

Tuanze na la kwanza, la kufaa.

Hadithi ya Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, wengi mnaijua. Imo katika Sunan ya Abu Dawud. Wakiwa safarini alishindana mbio na Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, akamshinda. Baadaye, mwili ulipokuwa umemzidi uzito, wakashindana tena, na mara hiyo Mtume akashinda, akamwambia kwamba hii ni kulipia ile. Sasa, sisemi hadithi hiyo inahusu baiskeli, wala sisemi ilikuwa mbele ya umati. Mambo ya mavazi na mchanganyiko muulizeni shekhe wenu, mtu anayewajua. Ninachosema ni hiki: mwanamke wa Kiislamu kukimbia na kutaka kushinda si jambo lililoletwa na simu mwaka jana.

Halafu kuna wanaosema, "Haya ni mambo ya Wazungu." Ati kwao milango ilikuwa wazi tangu zamani. Hebu tuangalie. Olimpiki ya kwanza ya kisasa ilifanyika Athens mwaka 1896, na baiskeli za wanaume zilikuwemo. Wanawake wakaja kuruhusiwa lini? Los Angeles, mwaka 1984. Hesabuni: miaka 88. Kule Italia mwaka 1924, mwanamke mmoja, Alfonsina Strada, aliingia mashindano makubwa ya Giro d'Italia pamoja na wanaume. Usukani wake ulivunjika njiani, akafunga mti wa fagio badala yake, akaendelea. Akachelewa muda uliowekwa, lakini akaachwa aendeshe mpaka mwisho, akafika Milan. Kwa hivyo ile "msichana hawezi" haikuanzia Eastleigh wala Mombasa. Imesemwa kila mahali, na kila mahali kuna mwanamke aliyeijibu kwa miguu yake.

Na wa kwetu kiimani wapo. Masomah Ali Zada ni Mwafghani. Alijifunza baiskeli utotoni familia yake ikiwa ukimbizini Iran. Waliporudi Kabul akajiunga na timu ya wasichana, na barabarani walikuwa wakitukanwa na kurushiwa mawe. Mwaka 2017 akapata hifadhi Ufaransa. Mwaka 2021, kwenye Olimpiki ya Tokyo, alishindana katika timu ya wakimbizi, kilomita 22.1 dhidi ya saa, hijabu yake ikiwa chini ya helmeti. Alimaliza wa mwisho kati ya wanawake 25. Mshindi, Annemiek van Vleuten wa Uholanzi, alimzidi karibu dakika 14. Lakini niambieni, ni wangapi kati yenu mnaikumbuka nafasi ya pili siku ile? Ya Masomah ilikumbukwa. Mwaka uliofuata akawekwa kwenye kamisheni ya wanamichezo ya Olimpiki yenyewe.

Kisha sheria. Hapa Kenya hatuombi fadhila. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inasema wanawake na wanaume wana haki sawa ya nafasi katika siasa, uchumi, utamaduni na jamii. Kifungu hicho hicho kinakataza ubaguzi kwa sababu ya dini, na kinataja pia mavazi. Soma mwenyewe, neno mavazi limo. Siku ukifika kwenye meza ya usajili na mtu akakutazama kichwani kabla ya kukutazama usoni, ujue umesimama juu ya nini. Ongea kwa adabu, lakini usirudi nyumbani.

Hilo la kwanza limetosha. Tuje kwenye la pili, kwa sababu hapa ndipo wasichana wetu wengi wanapopotea.

Kuna tofauti kubwa kati ya kujua kuendesha na kujua kushindana. Dada yangu anaweza kwenda Murera mpaka Thika na kurudi, asichoke, na siku ya mashindano akaachwa kilomita ya tano. Anarudi nyumbani analia, anasema, "Mimi sina nguvu." Wallahi nguvu anazo. Kitu alichokosa ni kundi.

Nieleze. Ukiendesha kwa kasi kwenye tambarare, kama kilomita 30 kwa saa na zaidi, adui yako mkubwa ni upepo. Hata siku isiyo na upepo, wewe mwenyewe unautengeneza kwa kuipasua hewa. Sasa ukikaa nyuma ya mwenzako, gurudumu lako karibu na lake, yeye ndiye anayeipasua na wewe unapita kwenye nafasi aliyofungua. Unaweza kuokoa robo mpaka theluthi ya nguvu zako. Theluthi! Ndiyo maana wanaoshindana huenda kama nyuki, wamebanana. Mmoja anakaa mbele dakika chache, anapisha, anarudi nyuma kupumzika, mwingine anashika. Wanapeana zamu ya upepo.

Ukishaachwa na lile kundi umekwisha. Wao ni 20 wanagawana upepo mmoja. Wewe peke yako una upepo wote.

Na kukaa ndani ya kundi ni ufundi. Kukaa nusu mita nyuma ya gurudumu la mtu bila kuligusa. Kupiga kona watu wanane kwa pamoja bila mmoja kumlalia mwenzake. Kunywa maji kwa mkono mmoja. Kuonyesha shimo kwa kidole ili aliye nyuma asiingie. Kujua lini ushike zamu na lini utulie. Hivi vitu hakuna anayezaliwa navyo, na huwezi kujifunza chumbani kwa video. Vinafundishwa na watu, barabarani, wiki baada ya wiki.

Sasa swali langu kwenu vijana: hapa kwetu, kundi ni la nani?

Jumapili asubuhi nikitoka naona makundi ya waendeshaji. Vijana wa Ruiru, wa Juja, wengine wametoka Nairobi na baiskeli za bei ya shamba. Wanaume karibu wote. Hawana ubaya. Wengi hawajawahi kumfukuza mtu. Ila hawajawahi pia kumwita mtu. Msichana anawaona wanapita, anawafuata kidogo, hakuna anayegeuka, anaachwa. Hakuna aliyemwambia hapana, na bado mlango umefungwa.

Mimi nilianza hivyo. Miezi mingi nilifanya mazoezi peke yangu, kabla magari hayajaanza. Siku ya mashindano yangu ya kwanza nilikuwa na nguvu za kutosha na sikuwa nimewahi, hata siku moja, kuendesha katikati ya watu kumi. Nilipoona magurudumu yale yamenizunguka pande zote nilishika breki za kushoto na kulia mpaka vidole vikaniuma. Kundi likaenda. Nikamaliza pale nyuma na dada mwingine ambaye hata jina lake sikulijua, na njiani tukaanza kupeana zamu, mimi mbele, yeye mbele. Zile kilomita za mwisho na yule dada zilinifundisha kuliko miezi yote ya upweke. Sasa hivi huwa tunatoka pamoja.

Angalieni hapa hapa kaunti yetu ya Kiambu. Kule Kikuyu kuna mwalimu anaitwa David Kinjah, na kikundi chake Safari Simbaz. Miaka ya 1990 kijana mmoja mwembamba aliyezaliwa Nairobi, Chris Froome, alikuwa akienda kwa Kinjah kujifunza. Nani alimtafutia mwalimu huyo? Mama yake. Kijana akaendesha na wale vijana wa kijijini kwenye milima yetu, akaachwa nyuma mara nyingi, akafundishwa kutengeneza baiskeli yake mwenyewe. Kijana huyo baadaye alishinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Alikuwa na kipaji, ndiyo. Lakini kabla ya kipaji kuonekana kulikuwa na mama aliyemtafutia mwalimu, na kundi lililomwambia, "Njoo, tufuate."

Ninachowaombea wasichana wetu ni hicho tu. Wapate mama wa namna ile na kundi la namna ile.

Na mambo yanabadilika. Jeanne d'Arc Girubuntu wa Rwanda alishiriki mashindano ya dunia ya barabarani mwaka 2015, kule Richmond, Marekani. Hapa Kenya, Nancy Akinyi ameshindana na Team Amani, timu ya Waafrika Mashariki iliyojengwa na marehemu Suleiman Kangangi na wenzake. Wao ndio walioanzisha mwaka 2021 yale mashindano ya njia za vumbi kule Maasai Mara, takriban kilomita 650 kwa siku nne. Na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalikuja Afrika kwa mara ya kwanza katika historia. Wapi? Kigali. Basi linafika. Wasichana wa Rwanda walisimama kando ya barabara zao wakaona wanawake wa dunia nzima wakipanda milima ya kwao. Baada ya hapo utamwambia nini msichana wa Kigali kwamba baiskeli si ya wanawake?

Sasa mzazi ananiuliza: "Haya yote mazuri, lakini ile Thika Road?" Mzazi, nakusikia. Hofu yako si ujinga. Barabara ile ilifunguliwa mwaka 2012, karibu kilomita 50 kutoka Nairobi hadi Thika, na imetusaidia sana. Lakini matatu inayotafuta abiria haimuoni mwenye baiskeli, na njia ya pembeni imejaa boda, mikokoteni na wauza mahindi. Hapo si mahali pa msichana kujifunza mashindano. Wala kijana wa kiume.

Na hata bingwa huanguka. Huyo Suleiman Kangangi niliyemtaja alikuwa nahodha, mzoefu wa miaka mingi. Tarehe 27 Agosti 2022 alianguka kwenye mashindano Vermont, Marekani, akafariki akiwa na miaka 33. Allah ampe mapumziko mema. Simtaji kuwatisha. Namtaja ili tusichukulie usalama kama mzaha.

Kwa hivyo dada yangu uliyeniuliza, naanza na wewe. Shika haya.

Baiskeli si lazima iwe ya bei. Black mamba ya babu itakupa miguu, lakini kwa mashindano tafuta ya mtumba yenye gia, inayolingana na urefu wako. Ukikaa kwenye tandiko na pedeli ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo tu. Mpelekee fundi aangalie breki, cheni na tairi kabla hujalipa. Halafu jifunze kuziba pancha mwenyewe, kwa sababu katikati ya mashamba ya kahawa hakuna fundi.

Helmeti haina mjadala. Hata mashindano ya wakubwa hayakulazimisha mpaka mwaka 2003, baada ya Andrei Kivilev wa Kazakhstan kuanguka na kufariki katika Paris–Nice. Wasingoje wewe ndio uwe somo. Hijabu iwe nyepesi, ile ya kuvaa kwa kichwa bila pini, kwa sababu pini chini ya helmeti ni msumari. Ukishavaa hijabu ndipo urekebishe mikanda ya helmeti, usiipime kichwa kikiwa wazi. Dera na buibui refu viache nyumbani. Cheni haina huruma. Suruali iliyobana kwenye kifundo cha mguu na kanzu fupi ya kufika magotini, inayopitisha hewa, zinakusitiri na hazishikwi na gurudumu. Kamba za viatu ziingize ndani.

Muda wako ni baada ya swala ya Alfajiri, mwanga ukishatoka, siku ambayo magari ni machache. Chagua njia za ndani zilizotulia. Anza na mzunguko mmoja mnaoujua, mrudie huo huo. Na mtu nyumbani ajue umepita wapi na utarudi saa ngapi.

Kabla ya mashindano, angalau wiki sita za kuendesha na wenzako. Mkiwa wawili, mmeshakuwa na somo. Mkiwa wanne, mna kundi. Mazoezi yenyewe: mmoja mbele dakika mbili, anapisha upande mmoja tu mliokubaliana, anashuka nyuma, wa pili anashika. Msiharakishe mkishika zamu, hilo huvunja kundi. Mnaanza umbali wa baiskeli nzima, na kila wiki mnasogea kidogo.

Siku ya mashindano yenyewe, lengo lako liwe moja: kumaliza ukiwa umekaa na watu muda mrefu iwezekanavyo. Ukishika kilomita kumi na kundi, wakati ujao utashika kumi na tano. Kula na kunywa kabla njaa haijakushika. Ukiachwa, angalia nyuma, mngoje aliyeachwa kama wewe, mgawane upepo.

Nije kwa kaka zetu. Ninyi ndio mna makundi. Siwaombi mpunguze kasi kila siku. Nawaomba siku moja kwa wiki, mzunguko mmoja, ambapo hakuna anayeachwa. Mtangaze, ili msichana ajue siku hiyo anakaribishwa pamoja na kaka yake au rafiki yake. Mfundishe kona, mfundishe zamu. Na yule wa kupiga miluzi na kutoa maneno machafu msichana akipita, mumkanye ninyi, sio yeye. Mkinyamaza mko pamoja naye.

Hashimi ni jina mlihifadhi pia. Fariba na Yulduz Hashimi, dada wawili kutoka Faryab, Afghanistan. Walianza kwa baiskeli ya jirani, wakaingia mashindano yao ya kwanza wamejifunika na wamebadilisha majina ili watu wa kwao wasiwajue. Waliposhinda picha zikatoka, familia ikajua. Baadaye wakalazimika kuikimbia nchi, na mwaka 2024 wakashindana Olimpiki ya Paris. Nawauliza wazazi: mnataka binti zenu wa Murera waendeshe kwa majina bandia? Msichana anayejificha haombi msaada akianguka. Hasemi mwalimu akimkosea adabu. Ruhusa ya mzazi ni ulinzi kuliko katazo lake.

Kwa hivyo mzazi, njoo. Mjue mwalimu. Uliza kuna mwanamke mwingine mtu mzima kwenye mazoezi? Wanafanyia mahali pa wazi? Usafiri wa mashindano uko vipi, na swala itaswaliwa saa ngapi? Mwalimu mzuri hatakasirika. Akikasirika umeshapata jibu.

Nimalizie kwa jambo la kufanya, ili tusiende nyumbani na maneno matupu. Kabla hamjanywa chai, dada wanaotaka kujaribu waandike majina kwa mama aliyekaa pale mlangoni. Wenye baiskeli waseme wanayo, wasio nayo waseme hawana. Kaka wenye helmeti ya ziada au baiskeli iliyolala chini ya ngazi waandike pia. Jumapili hii tunatoka watakaokuwepo, mwendo wa pole, mzunguko mfupi, na mimi nitakuwa wa mwisho nyuma. Hakuna atakayekuwa nyuma yangu.

Na yule dada aliyeniuliza, nimekuona umekaa hapo. Jina lako liwe la kwanza kwenye ile karatasi.

Allah atuhifadhi barabarani, atupe afya na nia safi. Wabillahi tawfiq. Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.